Amplifaya ya Akiba Isipopokea Kazi: Utatuzi wa Matatizo katika Vituo vya Setilaiti vya Mtwara na Lindi

Kituo cha ardhini kinachorusha mawimbi kwenda kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta hakiwezi kutegemea amplifaya moja. Mawimbi ya masafa ya gigahezi 6 hupoteza takriban desibeli 200 (kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu ya mawimbi) safarini, kwa hiyo kabla ya kufika kwenye dishi hayana budi kukuzwa na kifaa chenye nguvu kubwa, ambacho hufanya kazi usiku na mchana kikiwa na joto jingi. Kifaa hicho huharibika mapema kuliko modemu au kipandisha masafa (kifaa kinachoyapandisha mawimbi ya modemu hadi masafa ya kurushia), na ndiyo sababu huwekwa viwili. Huku kusini sababu hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa kipuri kikikosekana huagizwa Dar es Salaam, na barabara yenyewe haina dhamana: Mei 2024, mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo upande wa Kilwa, na mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Siku kama hizo ndizo setilaiti huhitajika kuliko siku nyingine zote.

Hata hivyo, vituo vyenye amplifaya mbili huzimika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi anayeona taa nyekundu mbele yake na anataka kujua aanzie wapi.

Mpangilio wenyewe

Katika mpangilio wa kawaida, amplifaya mbili husimama sambamba. Swichi ndogo au kigawanyaji huzipa mawimbi yanayotoka kwenye kipandisha masafa, na mbele yake kuna swichi kubwa ya mabomba ya mawimbi (mabomba matupu ya chuma yanayopitisha mawimbi), yenye milango minne. Swichi hiyo hupeleka amplifaya iliyo kazini kwenye dishi na amplifaya ya akiba kwenye mzigo bandia, yaani kifaa kinachomeza nguvu ya mawimbi na kuigeuza kuwa joto. Kidhibiti husoma hali ya kila amplifaya kupitia waya wa alamu. Amplifaya iliyo kazini ikitangaza hitilafu, kidhibiti huamuru swichi igeuke, na kazi huhama kwa muda ulio chini ya sekunde moja.

Akiba huweza kuwekwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuiacha irushe nguvu kamili kwenye mzigo bandia, ambapo fundi huwa na hakika kwamba inafanya kazi, lakini hulipia umeme maradufu na kiyoyozi hubeba joto la mashine mbili. Ya pili ni kuiwasha huku mawimbi yake yakiwa yamezuiwa, kisha kidhibiti huyafungulia wakati wa kubadilishana. Vituo vingi vinavyotegemea jenereta huchagua njia ya pili, na hakuna ubaya, mradi fundi akumbuke kwamba akiba ya namna hiyo haitangazi ugonjwa wake hadi siku inapoitwa.

Jambo la kukaa nalo kichwani wakati wote wa uchunguzi ni hili: mpangilio huu hulinda tu vile vipande vilivyo kati ya swichi ya kuingilia na swichi ya kutokea. Kila kilicho kabla na kila kilicho baada ni kimoja, na kikiharibika, amplifaya hata kumi hazitasaidia.

Dalili ya kwanza: amplifaya imezima, swichi haikugeuka

Tazama kwanza kidhibiti kiko katika hali gani. Sababu inayoongoza ni ya kawaida mno: mtu alikiweka katika hali ya mkono wakati wa matengenezo, akaondoka bila kukirudisha katika hali ya kujiendesha. Baadhi ya vidhibiti vina pia uchaguzi wa kuamriwa kutoka mbali au papo hapo. Vyote viwili vikaguliwe.

Kama kidhibiti kiko sawa, chunguza kama kilifahamishwa. Waya wa alamu hufungwa kwenye rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ndani ya amplifaya, na namna salama ya kuufunga ni ile ambayo mzunguko hubaki umefungika wakati amplifaya ni nzima na hufunguka inapougua, ili waya ukikatika nao uhesabiwe kuwa hitilafu. Ukifungwa kinyume, waya uliokatika huonekana kuwa ni amplifaya yenye afya, na kidhibiti kitaendelea kuonyesha kijani huku dishi likiwa halina kitu. Jaribio lake ni jepesi: katika muda uliokubaliwa na wasimamizi wa mtandao, chomoa plagi ya alamu ya amplifaya iliyo kazini. Swichi isipogeuka, umepata chanzo.

Kuna hali nyingine inayowahangaisha mafundi kwa sababu hakuna alamu popote: nguvu inayotoka imeshuka kwa desibeli 3 au 4, wateja wanalalamika, na amplifaya inasema haina tatizo. Hapo kiwango cha chini kinachoamsha alamu kimewekwa chini mno. Kushuka kwa desibeli 3 ni kupoteza nusu ya nguvu, na kwa maoni yangu alamu inayosubiri zaidi ya hapo ni pambo tu.

Swichi yenyewe huweza kukwama. Ukisikia mota ikinguruma bila kugeuka, au kidhibiti kikionyesha kwamba nafasi ya swichi haijulikani, zima mawimbi ya amplifaya zote mbili kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa swichi iliyosimama katikati hurudisha nguvu ilikotoka. Kwenye vituo vilivyo karibu na ufuo, kama Shangani, Mikindani au ukingoni mwa ghuba ya Lindi, anza na plagi ya duara inayoleta umeme na taarifa za nafasi kwenye swichi. Upepo wa kusi hubeba chumvi, na chumvi hupenya kwenye plagi iliyokazwa nusu. Pini zikiwa za kijani, zisafishwe, zikaushwe, plagi ikazwe hadi mwisho na kuzungushiwa utepe wa mpira unaojigandisha.

Pini zilizopakwa fedha zikiwa nyeusi badala ya kijani, fikiria salfa. Katika msimu ambao wakulima wa korosho hupulizia mikorosho unga wa salfa dhidi ya ubwiri unga, vumbi hilo hupeperuka mbali na mashamba, na fedha ikikutana na salfa hufanya utando mweusi ambao haupitishi umeme vizuri. Kituo cha Tandahimba, Newala au Masasi kilicho katikati ya mikorosho kinastahili kubadilishiwa vichujio vya hewa mara nyingi zaidi katika miezi hiyo kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza, kwa kuwa aliyekiandika hakuiona mikorosho.

Dalili ya pili: swichi imegeuka, mawimbi hayajarudi

Ikiwa amplifaya ni ya bomba la elektroni, yaani inayokuza mawimbi ndani ya bomba lisilo na hewa badala ya transista, uliza kwanza kama ilikuwa na moto. Bomba hilo huhitaji kama dakika 3 za kupasha joto kabla volti kubwa hazijaruhusiwa kuingia, na akiba iliyozimwa kabisa ili kuokoa umeme itakuacha bila mawimbi muda huo wote. Amplifaya za transista hazina kungoja huko.

Akiba haiozi, husema wahenga, lakini bomba la elektroni huoza. Likikaa miezi mingi bila kuwashwa, mabaki ya gesi hujikusanya ndani ya ombwe lake, na likipewa volti kubwa ghafla huweza kupiga cheche na kujizima. Bomba lililokaa muda mrefu liachwe kwanza katika hali ya kupasha tu, kwa saa zilizotajwa na mtengenezaji, ndipo lirushe.

Kama akiba inajionyesha kuwa inarusha na bado dishi ni kimya, linganisha nafasi za swichi mbili. Ile ya kuingilia na ile ya kutokea lazima zigeuke pamoja. Ya kutokea ikigeuka peke yake, amplifaya iliyounganishwa na dishi haina cha kukuza, na ile yenye mawimbi inayamwaga kwenye mzigo bandia. Weka mkono karibu na mzigo bandia, bila kuugusa: ukiwa na joto wakati amplifaya iliyoachishwa kazi ilipaswa kuwa kimya, jibu umelipata.

Halafu chunguza kama ruhusa ya kurusha ilifunguliwa. Kidhibiti huzuia mawimbi kwa kitambo kifupi swichi inapogeuka ili isigeuke ikiwa inapitisha mawimbi, na hufungua tena baada ya kupata taarifa kwamba swichi imefika. Taarifa hiyo isipofika, kwa sababu ya kiunganishi kibovu ndani ya swichi, zuio hubaki. Fundi huona kila kitu kimewaka na hakuna kinachotoka.

Dalili ya tatu: zote mbili zina alamu, au zinapokezana bila kukoma

Hii ndiyo dalili inayostahili subira kuliko nyingine, kwa sababu humshawishi mtu kuamini kwamba amplifaya mbili zimekufa kwa pamoja. Jambo hilo hutokea kwa nadra sana. Karibu kila mara chanzo ni kitu ambacho zote mbili zinakitumia, na kazi yako ni kuamua kama kitu hicho kiko kabla yake, baada yake, au chini yake, yaani kwenye umeme na ubaridi.

Soma aina ya alamu kabla ya kuifuta. Alamu ya nguvu ndogo inayotoka, ikitokea kwa zote, hukuelekeza nyuma: modemu imezimwa urushaji, kipandisha masafa kimepoteza mawimbi ya rejea ya megahezi 10 (yanayokiongoza kupata masafa sahihi), au kebo ya kuingilia imelegea. Amplifaya haijui kwamba haikupewa kitu; inajua tu kwamba haitoi kitu, na hivyo inajihukumu kuwa mbovu. Kidhibiti huhamia kwa mwenzake, naye hujihukumu vilevile, na hapo swichi huanza kupokezana. Weka kidhibiti katika hali ya mkono ili swichi ipumzike, kisha pima mawimbi kwenye mlango wa kuingilia.

Alamu ya nguvu inayorudi nyuma hukuelekeza mbele, kwenye bomba la mawimbi, kichwa cha dishi na utando unaokifunika. Mkosaji mkubwa katika mwambao wetu ni maji. Hewa ya Mtwara ina unyevu, na bomba lililopoa usiku hunyonya hewa hiyo kupitia mpira wa maungio uliochoka. Asubuhi unyevu huwa matone, na matone hujikusanya kwenye kona ya chini kabisa. Ndiyo maana mabomba hujazwa hewa kavu yenye msukumo mdogo kutoka kwenye mashine ya kukausha. Iangalie mashine hiyo: ikiwa inawaka mfululizo bila kupumzika, kuna mahali panapovuja, na punje zake za kunyonya unyevu zikiwa zimebadilika rangi, kwa aina iliyozoeleka kutoka buluu kwenda waridi, basi inasukuma hewa yenye maji.

Swichi yenyewe hutoa jaribio zuri la kuthibitisha. Soma nguvu inayorudi nyuma ya amplifaya A ikiwa imeelekezwa kwenye dishi, kisha igeuze irushe kwenye mzigo bandia na usome tena. Ikiwa namba ni mbaya kuelekea dishi na nzuri kuelekea mzigo bandia, amplifaya haina kosa. Tatizo liko mbele ya swichi. Ikiwa ni mbaya kote, amplifaya au mlango wake wa kutokea ndio wenye tatizo. Fanya hivyo pia kwa B. Vipimo vinne, bila kufungua nati hata moja, huokoa siku nzima ya kubeba amplifaya nzito kwenye ngazi.

Ikithibitika kwamba ni maji, zima amplifaya zote mbili na kuzikatia umeme kabla ya kufungua bomba. Bomba lililo wazi likiwa na mawimbi huunguza macho na mwili bila kuonekana, na ndani ya amplifaya ya bomba la elektroni kuna kilovolti kadhaa zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya swichi kuzimwa. Kazi hiyo si ya mtu mmoja.

Alamu ya joto kwa zote mbili ni ya kiyoyozi au feni, na huonekana zaidi kati ya Novemba na Februari. Alamu ya umeme kwa zote mbili ina maana kwamba ziliunganishwa kwenye chanzo kimoja, jambo ambalo lilipaswa kukataliwa siku ya ufungaji. A iende kwenye UPS moja (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika) na fezi moja, B kwenye nyingine, na kidhibiti kipate umeme kutoka pande zote mbili.

Kabla ya kuilaumu sehemu ya urushaji, hakikisha kwamba kilichopotea si mapokezi. Katika siku kadhaa zinazokaribiana na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti kwa dakika chache mchana na kulifunika dishi kwa kelele. Amplifaya hazihusiki kabisa, na kubadilishana hakutasaidia. Mvua kubwa ya masika nayo hupunguza mawimbi ya gigahezi 14 kwa kiasi kikubwa, ilhali yale ya gigahezi 6 huathirika kidogo tu.

Dalili ya nne: kila swichi inapogeuka, kituo kikuu hulalamikia kiwango

Amplifaya mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, hazina ukuzaji sawa. Tofauti ya desibeli 2 ni ya kawaida kabisa, na ikiachwa hivyo, B ikipokea kazi hurusha kupita kiwango kilichoidhinishwa na kuwaingilia majirani kwenye setilaiti, au A ikirudi hurusha pungufu. Rekebisha kwa kipunguza nguvu kwenye mlango wa kuingilia wa ile yenye ukuzaji mkubwa, usimguse modemu. Pima kwenye mahali pa kupimia palipo baada ya swichi kubwa, kwa kifaa kimoja kwa zote mbili, kwa sababu namba za kwenye vioo vya amplifaya zenyewe hutofautiana na haziwezi kuamua kesi hii.

Katika mfumo ambao kila upande una kipandisha masafa chake, masafa nayo huweza kuruka kidogo kazi inapohama. Zipe pande zote mbili rejea moja ya megahezi 10, ukikumbuka kwamba rejea hiyo sasa imekuwa kitu cha pamoja na inahitaji uangalizi.

Mifumo ya kujumlisha na mifumo ya amplifaya tatu

Vituo vingine havina akiba inayokaa; amplifaya mbili hurusha pamoja na nguvu zake hujumlishwa. Moja ikifa, fundi hutarajia kupoteza nusu, yaani desibeli 3, lakini kipimo husoma 6. Hakuna hitilafu nyingine iliyojificha: kijumlishi huipeleka nusu ya nguvu ya ile iliyobaki kwenye mzigo bandia. Mfumo wenye swichi ya kukizunguka kijumlishi huirudisha nusu hiyo. Amplifaya yenye moduli nne ikipoteza moja hushuka takriban desibeli 2.5, na mara nyingi kazi huendelea.

Palipo na amplifaya mbili kazini na moja ya akiba kwa zote, kosa la kukagua ni kipaumbele. Akiba ikiwa tayari imeipokea A, B ikianguka hubaki chini, isipokuwa kidhibiti kimeelekezwa kwamba B ni muhimu zaidi.

Jaribio la kila mwezi

Akiba ijaribiwe kila mwezi, saa ambazo matumizi ni madogo, baada ya kuwafahamisha wasimamizi wa mtandao. Ni bora zaidi kuiacha iliyokuwa akiba iendelee kazini mwezi mzima kuliko kuirudisha baada ya dakika tano, kwa sababu hitilafu nyingi za joto hazionekani ndani ya dakika tano. Kila mara andika nguvu inayotoka, nguvu inayorudi, joto na, kwa amplifaya za bomba la elektroni, mkondo wa heliksi, yaani waya uliosokotwa kama springi ndani ya bomba. Mkondo huo ukipanda mwezi baada ya mwezi, bomba linachoka, na kuna muda wa kuagiza jingine kabla mvua hazijaanza.

Jaribu pia kukizima kidhibiti. Swichi ya mabomba hubaki pale ilipo umeme unapokatika, hivyo urushaji haupaswi kutikisika. Ukitikisika, zuio la mawimbi limefungwa kwa namna inayokifanya kidhibiti kuwa kiungo dhaifu kuliko amplifaya zenyewe, na lifungwe upya. Swichi nyingi zina kitasa chini ya kifuniko kwa ajili ya kuigeuza kwa mkono; kila fundi wa zamu akijue kilipo, na aandikiwe ukutani mpangilio wake: mawimbi ya A na B yazimwe, kitasa kizungushwe hadi kigote, nafasi ithibitishwe kwa macho, ndipo amplifaya moja tu ifunguliwe.